Anza na maneno unayodhani unayajua

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: mtu mzima ambaye tayari anaelewana na watu kwa lugha ya kigeni afanye nini ili msamiati wake ufike ngazi ya juu, na je, kuna umri ambao kazi hiyo inakuwa bure? Ninajibu kutoka Poznań, mji wa magharibi mwa Polandi, ninakofundisha watu wazima Kiingereza. Mimi ni Mtanzania. Kiswahili nimekulia nacho, Kipolandi nilikikuta ukubwani, na Kiingereza tumekutana nacho darasani wote, mimi na wanafunzi wangu.

Wanaokuja kwangu hawaanzi moja. Ni wahasibu, wauguzi, wahandisi na wanasheria waliofaulu Kiingereza kwenye matura, mtihani wa kumaliza sekondari. Wanaandika barua pepe za kazini na wanatazama filamu bila tafsiri. Kisha wanabaki palepale miaka nenda rudi. Karibu kila mmoja hufika na ombi lile lile: mwalimu, nipe orodha ya maneno magumu. Ninalowajibu wao ndilo ninalowajibu ninyi: kwa Mpolandi, maneno magumu ya Kiingereza ni yale mafupi anayodhani aliyamaliza shule ya msingi.

Historia inaeleza kwa nini. Kwa karne nyingi Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa, mahakama na elimu nchini Polandi, na maneno yake yakaingia Kipolandi kwa wingi. Kiingereza nacho kiliyapata maneno hayo, mengi kwa kupitia Kifaransa. Kwa hiyo Mpolandi akikutana na "constitution", "ambition" au "intuition", nyumbani tayari anayo "konstytucja", "ambicja" na "intuicja". Akishaona kwamba mwisho wa "-cja" mara nyingi hulingana na "-tion", anajipatia mamia ya maneno ambayo mtoto wa shule wa London huyaona ya kitabuni. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na maneno yanayotokana nalo, yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma. Nikiiweka mbele ya darasa langu, sehemu kubwa wanaitambua bila kugusa kamusi. Mswahili anayeisoma orodha hiyo hana msaada kama huo. Lazima ayabebe maneno hayo moja moja.

Msaada huo una hatari zake, na katika kazi zinaweza kumgharimu mtu fedha. "Aktualnie" ya Kipolandi ni "kwa sasa", wakati "actually" ni "kwa kweli". "Ewentualnie" ni "pengine" au "ikibidi", wakati "eventually" ni "hatimaye". Hebu fikirini mwanasheria anayemwandikia mteja wa Uingereza kwamba kampuni "will eventually pay". Yeye amekusudia kusema huenda italipa. Mteja anasoma kwamba mwishowe italipa, anatulia na kusubiri fedha. Vivyo hivyo, anayesifu hotuba kwa kuiita "pathetic", yaani duni ya kudharaulika, akifikiria "patetyczny", yaani iliyojaa hisia kuu, amemtukana msemaji mbele za watu. Maneno ya namna hii yanakaririka haraka, kwa sababu yanachekesha na yanaumbua. Wiki chache zinatosha, na sitayachelewesha majibu yangu hapo.

Penye kazi ni "put", "get", "set", "turn", "run", "take", "make". Kila mwanafunzi wangu ataapa kwamba anayajua. Waulize sasa "put off", "put out", "put up with", "put down to". Kuahirisha, kuzima, kuvumilia, kuhusisha jambo na chanzo chake: neno ni lile lile, na kijineno kinachofuata kinaligeuza lote. Mpolandi aliyesoma vizuri hukwepa njia hiyo. Husema "postpone", "extinguish", "tolerate", "attribute", kwa sababu Kilatini chake kinampeleka huko. Hakosei kisarufi. Ila anamwambia mwenzake wa mezani kwamba wa-"postpone" chakula cha mchana, na mwenzake anahisi anasomewa barua ya serikali.

Jambo ninalolipigania darasani ni hili: Mpolandi ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kuogopa vitenzi hivi, kwa maana lugha yake inafanya kazi hiyo hiyo, tena kwa ufundi zaidi. Chukua "pisać", kuandika. Ongeza kiambishi mbele yake unapata "podpisać", kusaini, "przepisać", kunakili, "opisać", kueleza jambo lilivyo, "dopisać", kuongezea maandishi. Mtoto wa miaka mitano wa Poznań anavitumia viambishi hivyo bila kufundishwa. Kiingereza kinakiweka kijineno nyuma ya kitenzi na kukiacha kikisimama peke yake. Sisi tunaibadilisha maana kwenye mwisho wa neno lenyewe: andikia, andikisha, andikiana. Nikiziandika lugha tatu ubaoni sambamba, naona nyuso zinabadilika. Mwanafunzi anaacha kuuliza "kwa nini Waingereza wanafanya hivi?" na anaanza kuuliza "off" hapa inaleta wazo gani, la kutenga, la kuondoka, au la kukatisha? Swali hilo la pili ndilo linalomvusha.

Kuna kundi lenye tatizo la kinyume, na linastahili heshima zaidi kuliko linavyopewa. Polandi ilipoingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, Uingereza, Ireland na Sweden zilifungua soko la ajira mara moja, na Wapolandi wengi sana wakaondoka. Sensa ya 2011 ya England na Wales ilikuta watu wapatao 546,000 waliotaja Kipolandi kuwa lugha yao kuu, cha pili baada ya Kiingereza. Waliorudi kutoka viwandani na kwenye ujenzi wanasema "sort it out", litatue, na "knock off early", kuacha kazi mapema, kwa ulaini ambao mhasibu wangu wa matura hajaufikia. Wanachokosa ni maneno ya ofisini, na hayo, kama nilivyosema, Kipolandi chao kinawapa karibu bure. Hawa hupanda haraka kuliko wote, mradi mtu awaambie kwamba walichokiokota kwenye jukwaa la ujenzi ni elimu.

Sasa njia. Hapa Poznań inapendeza kujibu swali lenu, kwa sababu njia ambayo wanafunzi wa lugha duniani kote wanaitumia kwenye simu ilianzia kwa mwanafunzi wa mji huu huu. Mwaka 1985 Piotr Woźniak, akiwa bado chuoni, alichoka kusahau maneno ya Kiingereza aliyojifunza. Akaandika jozi za maneno ya Kiingereza na Kipolandi kwenye karatasi, akajipima ajue apumzike siku ngapi kabla ya kurudia ili asisahau na asipoteze muda. Alifikia ratiba ya siku 1, kisha 7, kisha 16, kisha 35, na kuendelea kuurefusha muda. Mwaka 1987 akaiweka kwenye kompyuta, programu ikaitwa SuperMemo. Anki, programu ya kadi za maneno zenye pande mbili iliyotolewa 2006 na inayotumiwa sana leo, ilianza kwa kutumia hesabu iliyotokana na ile ya Woźniak ya 1987. Kwamba kumbukumbu hupungua kwa mwendo unaopimika, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alikwisha kuonyesha mwaka 1885. Woźniak alilifanya jambo hilo kuwa zana ya mtu mmoja mwenye kiu ya maneno.

Lakini zana hiyo ninaiona ikitumiwa vibaya kila muhula. Mtu anapakua furushi la maneno elfu kadhaa yaliyoandaliwa na asiyemjua, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kipolandi, anayabonyeza kila asubuhi kwenye tramu, na baada ya miezi anayatambua yote na hatumii hata moja. Neno la ngazi ya juu haliishi peke yake. Waingereza husema "heavy rain", mvua nzito. Mpolandi husema "silny deszcz", mvua yenye nguvu. Sisi tunasema mvua kubwa. Picha, Mwingereza anaichukua, Mpolandi anaifanya, Mswahili anaipiga. Anayejua "rain" na anajua "strong" bado hajui kusema jambo hilo, na hakuna kamusi ya neno kwa neno itakayomwokoa.

Kwa hiyo wanafunzi wangu wanatengeneza kadi zao wenyewe, na sheria zangu ni kali. Kadi inabeba sentensi nzima, iliyotoka kwenye kitu mwanafunzi alichokisoma au kukisikia mwenyewe wiki hiyo, na pengo pale lilipo neno. Upande wa pili hakuna tafsiri ya Kipolandi ila pale ambapo neno ni jina la kitu cha kushikika. Kadi mpya ni chache kwa siku. Na kabla kadi haijaingia kwenye programu, mwanafunzi aitamke kwa sauti akiwa ameshalisikia neno kwenye kamusi yenye sauti. Sheria hii ya mwisho wanaipuuza sana, nami nairudia bila kuchoka. Kipolandi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili, na maneno ya ngazi ya juu tunayapata kwa macho kabla ya masikio. Matokeo yake "category" inatoka na mkazo kwenye "go", "comfortable" kwenye "ta", na msikilizaji Mwingereza anakosa neno ambalo mwanafunzi ametumia jioni nzima kulijifunza. Neno lisilosikika halijajulikana.

Mtauliza idadi. Mtaalamu Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Wanafunzi wakisikia hivyo wanavunjika moyo. Mimi nawaambia Wapolandi wahesabu kwanza walichorithi kutoka Kilatini, ndipo waangalie kilichobaki. Na kilichobaki kinapatikana kwa kusoma sana jambo moja linalokupendeza. Muuguzi asome habari za hospitali, mpenzi wa kandanda asome ripoti za mechi, maana humo maneno yale yale yanarudi yakiwa na majirani wale wale. Anayeruka kutoka mada hadi mada hukutana na kila neno mara moja na kuagana nalo.

Kuhusu umri, Polandi ina shahidi anayejulikana. Józef Teodor Konrad Korzeniowski, aliyezaliwa 1857, alifika Lowestoft, bandari ya mashariki mwa Uingereza, mwaka 1878 akiwa na miaka 20, na Kiingereza kidogo sana baada ya Kipolandi na Kifaransa. Alikiokota kwa mabaharia wa meli ya makaa ya mawe iliyokwenda Newcastle na kurudi. Mwaka 1895 alichapisha riwaya yake ya kwanza kwa jina la Joseph Conrad, akawa miongoni mwa waandishi wakubwa wa lugha hiyo, na lafudhi yake ya Kipolandi haikumtoka hadi kufa.

Mtasema miaka 20 bado ni ujana. Basi niseme na ya wastaafu. Waliosoma shule kabla ya mageuzi ya 1989, yaliyoondoa utawala wa kikomunisti, walilazimishwa Kirusi, na wengi wao Kiingereza wamekianza wakiwa na wajukuu. Wanakuja na Kipolandi kipana cha watu waliosoma vitabu maisha yao yote, kwa hiyo wanauliza tofauti ndogo kati ya maneno mawili ambazo kijana hazioni. Kusahau wanasahau haraka zaidi. Ninachowabadilishia ni ratiba tu: kati ya siku ya kwanza na ya saba tunaingiza marudio ya siku ya tatu, na kadi mpya tunazipunguza kwa nusu.