Irente si "hapo tu": kwa mnaoanza kaunta ya wageni Lushoto

Msimu wa Juni umeanza, kaunta ina vijana wapya, na "hapo tu" imeshaanza kusikika. Mgeni anauliza jabali la Irente liko wapi, kijana ananyoosha mkono dirishani: hapo tu. Wadogo zangu, bidii yenu tunaiona na tunaipenda, lakini neno hilo liacheni mlangoni mnapoingia kazini.

1. Umbali ni kwenda na kurudi.

Hapa ndipo sisi tuliotangulia tumekosea zaidi, tena mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mgeni anaingia saa tisa na nusu alasiri. Amesikia machweo ya Irente ni mazuri, na ni mazuri kweli: jabali linatazama magharibi, barabara ya Arusha iko chini kabisa, na nyika ya Umasaini inatandaa mpaka macho yachoke. Anauliza kama ni mbali. Tunamjibu: kilomita sita hivi, saa moja na nusu kwa miguu. Hakuna uongo hapo. Anaondoka akitabasamu, nasi tunaona tumemhudumia vizuri.

Sasa pigeni hesabu ambayo hatukuipiga. Saa kumi na moja yuko juu. Jua la Lushoto huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi, na huku kwetu hakuna jioni ndefu kama kwao. Nusu saa baadaye ni giza. Yeye alizoea kwao wakati wa kiangazi, jua likishazama bado kuna mwanga wa kutembelea. Kwa hiyo anakaa mpaka miale ya mwisho, anapiga picha, kisha anageuka kurudi. Mchana, kila penye njia panda kulikuwa na mtoto wa kumwelekeza. Sasa milango imefungwa, watu wako mekoni. Tochi yake ni simu, na simu imebaki na chaji asilimia 12 kwa sababu ya picha zile zile tulizomtuma akapige. Njia inapita kwenye mashamba na makorongo, umande umeanza kushuka, udongo mwekundu unateleza. Kifundo cha mguu kikipinda hapo, hata mahali alipo hawezi kupaeleza kwa simu. Yote hayo yameanzia kwetu kaunta, kwa jibu lililokuwa sahihi nusu tu.

Kwa hiyo kabla ya kutaja njia yoyote, ulizeni: unaondoka saa ngapi, unalala wapi, una tochi? Kisha hesabuni kutoka machweo kurudi nyuma. Anayetaka kuona jua likizama apangiwe bodaboda wa kumfuata juu, jina na namba viandikwe kabla hajatoka, au aende na mwongoza wageni mwenye tochi. Asiyetaka hayo, mwambieni aanze kushuka saa kumi na moja. Asubuhi nayo si dawa ya kila kitu: kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unaweza kulifunika jabali lote, akaona weupe mtupu.

Kwa njia ambazo hamjazitembea wenyewe, ile kanuni ya Naismith ya mwaka 1892 ya kukadiria muda wa kutembea milimani bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu mkakamavu asiyesimama. Mgeni wetu anasimama kwa kila kinyonga, kwa hiyo wekeni kilomita 3 kwa saa.

2. Saa andikeni, msiitamke tu.

Basi la asubuhi la Dar likiondoka saa kumi na mbili, kijana anatafsiri neno kwa neno, na mgeni anashuka stendi adhuhuri na begi lake mgongoni. Kwenye karatasi andikeni 06:00, pembeni mchore jua linalochomoza. Jua hilo dogo limeokoa tiketi nyingi.

3. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na kiingilio hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si mkononi mwa mtu yeyote njiani. Mtandao husumbua, hivyo ombeni namba siku moja kabla.

4. Mgeni atoe pesa hapa mjini kabla ya kwenda kijiji cha Mtae. Maji lita 2 kwa kutwa. Sweta, kwa sababu mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari na wengi wanatoka Zanzibar na kaptura. Ramani itoeni kopi kutoka ile ya asili kila mara. Kopi ya kopi hupoteza mistari ya mwinuko, mlima ukawa uwanja.

5. Kinyonga.

Mwambieni mgeni, na mwongozaji akiwepo asikie, kwamba kinyonga hang'olewi tawini. Hukamata tawi kwa vidole na mkia, ukimvuta unamuumiza. Usiku anapolala rangi yake hufifia, na tochi ikimpiga huonekana mweupe kwenye kichaka cheusi. Mita moja inatosha kabisa kwa picha.

6. Daftari la safari.

Safu ni saba: jina, anapolala, simu, njia, mwongozaji, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Ongezeni rangi ya koti. Wanakijiji hukumbuka koti jekundu kuliko jina la Kiholanzi. Vijana huijaza vizuri safu ya kutoka na kuiacha tupu ya kurudi, na daftari la namna hiyo halimsaidii mtu. Kabla ya kufunga, pitisheni kidole mstari kwa mstari. Penye nafasi tupu, pigeni simu alipofikia, kisha kwa mwongozaji, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji cha njia hiyo, ambaye atatoa vijana wanaoijua njia gizani. Polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114. Funguo hazichomolewi mlangoni mpaka kila mstari uwe na saa ya kurudi, au uwe na mtu anayeufuatilia.