Re: Kusoma mita za RS-485 kwa waifai

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kusoma mita za umeme za godauni lako la Industrial Area kwa waifai ukiwa ofisini, wakati sasa zimeunganishwa kwa waya wa RS-485 (laini moja ya data inayopita mita zote hadi kwenye kompyuta). Unaweza, ila usiguse waya uliopo kati ya mita na mita. Kifaa cha waifai kichukue tu nafasi ya kompyuta mwishoni mwa laini.

Kabla ya kununua, hakikisha kifaa kinageuza Modbus RTU (lugha ya mita kwenye waya wa RS-485) kuwa Modbus TCP (lugha hiyohiyo kwa njia ya mtandao). Hapa ndipo wengi huumia. RTU hutambua mwisho wa ujumbe kwa ukimya wa muda wa herufi 3.5, na waifai hukatakata data na kuichelewesha. Kifaa kinachopitisha baiti bila kuzielewa kitakupa makosa yasiyoeleweka, leo inasoma, kesho imegoma. Pia ongeza muda wa kusubiri jibu kwenye programu yako. Anza na sekunde 1.

Wakati wa kufunga, zima umeme kwanza. Nyaya mbili za data huandikwa A na B: A iende kwa A, B kwa B. Watengenezaji wengine hugeuza herufi hizo, kwa hiyo mita zikinyamaza badilishanisha nyaya hizo mbili, hakuna kitakachoungua. Rezista za omu 120 ziwe kwenye ncha mbili za laini, si kila mita. Kwenye mipangilio ya kifaa, kasi ya data na pariti (biti ya kukagua makosa) zifanane na za mita.

Na tafadhali, usifungie antena ndani ya boksi la chuma. Mabati ya godauni yanatosha kukusumbua. Itoe nje, upande wa ofisi.