Uloto mpya haufuti chuma cha zamani: ninayowaambia wazazi wa watoto wenye selimundu

Binti yangu mwenye selimundu alipandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, nchini India akiwa na umri wa miaka tisa na nusu, na aliyemchangia ni kaka yake wa baba na mama mmoja. Siku madaktari walipotueleza kwamba damu yake sasa inatengenezwa na seli za uloto za kaka yake, mimi na mama yake tulidhani safari imefika mwisho. Kumbe ndani ya ini lake kulikuwa na gramu kadhaa za chuma zilizoachwa na damu za watu alizoongezewa, na uloto mpya, hata ukiwa mzuri namna gani, hauna njia ya kuziondoa. Kwa kuwa huduma hii inapatikana sasa hapa nyumbani, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma, tangu mwaka 2023, naamini familia nyingi zaidi zitakutana na jambo hili, na ni heri zikutane nalo mapema kuliko tulivyokutana nalo sisi.

Mtoto wetu alipata kiharusi akiwa na miaka mitano, na tangu hapo aliongezewa damu kila mwezi ili kisirudi tena. Kwa hilo sina majuto hata kidogo, maana ndilo lililomwezesha kutembea na kurudi shuleni. Ninachojutia ni kwamba kwa miaka mitatu tulihesabu wachangiaji, nani katika ukoo ametoa juzi na nani bado, lakini hatukuhesabu chupa zilizoingia mwilini mwake, na katika kliniki tuliyohudhuria hakuna aliyetuagizia kipimo cha feritini, yaani protini ya damu inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Hesabu yenyewe haihitaji udaktari. Chupa moja ya damu hubeba miligramu 200 hadi 250 za chuma, ilhali mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku na hauna utaratibu wa kutoa kinachozidi. Mtu mzima mwenye afya huwa na gramu tatu hadi nne za chuma katika mwili wake wote. Binti yangu, katika miezi 54, alipokea karibu gramu 11. Kwa hiyo nunueni daftari leo, muandike tarehe na idadi ya chupa tangu ile ya kwanza, na muulize kama kubadilishiwa damu, yaani ya zamani kutolewa huku mpya ikiingia, kunawezekana mahali mlipo, kwa sababu njia hiyo hulimbikiza chuma kidogo zaidi.

Feritini yake ilipopimwa kwa mara ya kwanza ilikuwa 4,300, wakati madaktari wengi huanza kuhofia inapovuka 1,000. Hofu hiyo ina sababu zake. Dawa kali zinazotolewa kabla ya kupandikiza hulielemea ini, na ini lililokwisha kuchoshwa na chuma huweza kuziba mishipa yake midogo. Tena, katika zile wiki ambazo kinga imeshuka karibu na sifuri, chuma kilichozagaa huwa chakula cha bakteria na fangasi. Madaktari wa Pesaro, Italia, waliowapandikiza uloto watoto wengi wenye talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, waliwagawa wagonjwa wao kwa kutazama mambo matatu: ini lililovimba, ini lenye makovu, na dawa ya kuondoa chuma kutotumiwa kwa utaratibu. Waliokuwa na yote matatu ndio waliokuwa na matokeo mabaya zaidi. Hata hivyo, namba moja ya feritini isiwavunje moyo, kwa kuwa hupanda pia mtoto akiwa na maambukizi au uvimbe wowote mwilini. Kinachoonyesha vizuri zaidi chuma kilichomo kwenye ini na moyo ni kipimo cha MRI, yaani picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na kama kuna safari moja ya kugharimia kabla ya kupandikiza, mimi ningeichagua hiyo.

Tulianza na deferoksamini, sindano ya chini ya ngozi inayoingizwa polepole kwa pampu usiku kucha, mara tano kwa wiki. Mkojo wake ukawa mwekundu na tukaogopa sana, kumbe ni chuma kinachotoka. Baadaye tulihamia deferasiroksi ya kunywa, ambayo ni rahisi kwa mtoto lakini inadai figo na ini vipimwe kila mwezi, na vipimo hivyo msiviruke hata mfuko ukiwa mtupu. Tulifika siku ya kupandikiza feritini ikiwa 1,900.

Kuna jambo la jikoni pia. Bibi na mashangazi, kwa upendo wao, humletea mtoto wa selimundu vidonge vya kuongeza damu vile wanavyopewa wajawazito, na vidonge hivyo vina chuma ndani yake. Asidi ya foliki peke yake ni sawa; chuma asipewe mpaka kipimo kionyeshe kwamba kimepungua. Vitamini C ya vidonge nayo isitolewe bila daktari kujua.

Baada ya kupandikizwa, feritini ilipanda tena hadi 2,700, kwa sababu aliongezewa damu nyingine wakati uloto mpya haujashika. Tulisubiri mwaka mzima, mpaka dawa za kuzuia mwili kukataa uloto zilipokwisha na damu ikasimama vizuri, ndipo ukaanza utaratibu wa kumtoa damu mililita 6 kwa kila kilo ya uzito wake kila baada ya wiki mbili. Kwa kilo zake 28, kila awamu iliondoa miligramu 80 hivi za chuma, kwa hiyo jambo hili huchukua miaka. Mama yangu alipoiona ile mifuko ikipelekwa kutupwa, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama tumesahau tulivyozitafuta damu hizo kwa miguu. Sikuwa na jibu zuri.

Leo feritini yake ni 480. Tumeelekezwa kuendelea kupima sukari na homoni zake kila mwaka anapokaribia kuvunja ungo, kwa kuwa chuma huweza kuwa kilishagusa tezi zinazosimamia mambo hayo kabla hatujaanza kukihesabu.