Kabla Hujang'oa Hoho Yenye Shina Jeusi

Mwaka wangu wa kwanza Nakuru, baada ya kuhama Kisumu, niling'oa hoho nane ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa zimefika magotini, maua ndiyo kwanza yanachanua, lakini kila mahali tawi lilipochomoza kwenye shina palikuwa na alama nyeusi ya kuelekea zambarau, kana kwamba mtu amepita na wino akipaka kifundo kimoja kimoja. Nikajiambia huo ni uozo unapanda. Nikang'oa zote nikazirundika kando ya geti. Shosho wa ploti ya pili akapita, akaokota moja, akaigeuzageuza.

"Mwanangu, hizi hoho zimekukosea nini?"

"Shosho, si unaona shina limekuwa jeusi?"

Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akanivuta kwake. Hoho zake zilikuwa California Wonder kama zangu, zote na vifundo vyeusi, na chini ya majani zilining'inia kubwa kama ngumi.

Weusi ule ni rangi ya mmea wenyewe. Wanasayansi huiita anthosayanini, jamii ya ile inayolipa ganda la biringanya uzambarau wake, na hoho nyingi huiweka vifundoni bila kuomba ruhusa ya mtu. Jua la mchana likikutana na baridi ya usiku, inakolea. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu karibu mita 1,130, na nadhani ndiyo sababu pilipili zangu za Kisumu zilikuwa na kivuli tu cha zambarau ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Julai ya Nakuru ikaniletea vifundo kama makaa.

Siku hizi shina likibadilika rangi naanza na ukucha. Nakwaruza kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Nikikuta chini ya ngozi ni kijani kibichi chenye majimaji, basi weusi ni wa juu juu na naenda zangu kunywa chai. Nikikuta hudhurungi, iwe kavu au ya kuteleza, hapo pana kazi. Mpangilio nao unasema mengi. Rangi ya asili hukaa kwenye vifundo, karibu vyote, karibu kila mmea. Ugonjwa hauna adabu hiyo: huanzia upande mmoja, hutambaa kati ya kifundo na kifundo, huacha doa lililobonyea, na hoho ya pembeni inaweza kuwa nzima kabisa.

Kuna pia ukahawia wa chini ambao watu huuogopa bure. Hoho ikikomaa, sehemu ya shina iliyo karibu na udongo hugeuka kuwa mti: inakauka, inapata mipasuko myembamba, inakuwa na rangi ya gome. Dada yangu kule Kano, Kisumu, ana pilipili kali ya miaka mitatu ambayo chini yake ni kama mpini wa jembe, na bado inazaa. Ukibonyeza pale ni pagumu. Ugumu ni dalili njema, palipooza hubonyea.

Sasa ngoja nikueleze nilivyojua sana mpaka nikapata hasara.

Msimu uliofuata nilipanda hoho kumi na nne kwenye mstari mmoja. Mvua za Aprili zikashika, na gata ya nyumba, ambayo nilikuwa nimeahidi kuitengeneza tangu Krismasi, ikawa inamwaga maji yote ya paa kwenye kichwa cha mstari. Siku moja adhuhuri nikaona hoho ya kwanza imelegea. Jioni ikasimama tena. Nikaangalia shina, nikaona weusi chini, nikajisemea, ahaa, weusi nimeshaujua, huu hauna neno. Sikukwaruza. Siku ya tatu haikusimama, na hoho ya pili ikafuata, kisha ya tatu.

Ndipo nikapiga magoti kwenye matope. Weusi huu haukuwa kwenye kifundo hata kimoja. Ulikuwa pale shina linapoingia udongoni, umelizunguka kama mkanda, umelowa, na nilipogusa kwa kidole gumba ngozi ikatoka yote kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikachukua kisu cha jikoni nikapasua shina kwa urefu. Hudhurungi ilikuwa imepanda ndani inchi mbili juu ya udongo, na mizizi midogo ilikuwa imekwisha. Lakini kilichonifumbua macho zaidi kilikuwa ule mstari wenyewe: zilikuwa zikifa kwa zamu, kutoka kwenye gata kuteremka, zikifuata maji. Zilikufa sita. Nane zilizokuwa mbali, ambako maji hayakufika, zilibaki.

Kufa kwa namna hiyo ni tabia ya Phytophthora, kiumbe kinachofanana na ukungu kinachopenda udongo uliojaa maji na ambacho vijimbegu vyake huogelea. Akishalizunguka shina, maji hayapandi tena, na hakuna dawa itakayourudisha mmea huo. Mimi nilikimbilia agroveti, nikaeleza kwamba hoho zina ukungu, nikauziwa mankozebu, nikapulizia majani kwa bidii. Mankozebu hukaa juu ya jani kama koti la mvua. Hailifikii shina linalooza kutoka chini. Muuzaji sikumlaumu, maana nilimwambia "ukungu" na akanipa dawa ya ukungu. Ukienda agroveti beba mmea mzima pamoja na mizizi yake, ndani ya mfuko wa plastiki, usibebe neno tu.

Nilichopaswa kufanya ni kile nilichofanya nikiwa nimeshachelewa: kuyageuza maji, kuchimbua zilizougua pamoja na udongo wa mizizi, kuzichoma badala ya kuzitupa kwenye shimo la mboji, na kuosha jembe kabla ya kugusa mstari mwingine.

Ugonjwa mwingine unaofanana na huo kwa mbali ni mnyauko wa bakteria, na huu niliukuta kwa dada. Alinipigia simu: "Kaka, pilipili zimekauka zikiwa kijani." Maneno hayo ndiyo ugonjwa wenyewe. Majani hayana doa, hayajapata umanjano, yamelala tu kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Shina kwa nje lilikuwa safi. Tulipolikata chini, ndani kulikuwa na pete ya hudhurungi.

Nikamwomba glasi ya maji safi. Unakata kipande cha shina cha sehemu ya chini, urefu wa kidole, unakishika ncha yake ikiwa imezama kidogo majini, na unatulia. Usitikise. Baada ya dakika tatu hivi tukaona nyuzi nyeupe, nyembamba kama moshi wa ubani, zikishuka polepole kutoka kwenye ile ncha hadi chini ya glasi. Hizo ni bakteria wenyewe, Ralstonia. Shina likiwa na hudhurungi ndani lakini maji yakabaki safi bila nyuzi, mshuku zaidi mnyauko wa Fusari, ambao ni ukungu. Dada alitazama nyuzi zile akauliza, "Na hii glasi nani atainywea tena?" Iko hadi leo dirishani, haina mtumiaji.

Pale alipopanda pilipili ndipo nyanya zilipokuwa msimu uliotangulia, na kabla yake viazi. Nyanya, viazi, biringanya, hoho na hata mnavu ni ukoo mmoja, na Ralstonia anaula wote. Anaishi udongoni, wala hana dawa. Dada sasa amepanda mahindi hapo, na pilipili amezihamishia kwenye magunia yenye udongo alioutoa upande mwingine wa boma.

Kwenye joto la huko Kisumu utakutana pia na shina lenye nyuzi nyeupe kama pamba pale chini, pamoja na vipunje vya kahawia vidogo kama haradali. Huo ni ukungu mwingine. Ng'oa, choma, na usiache majani makavu yamelikumbatia shina. Kwa miche michanga inayosinyaa shingoni na kuanguka, kinyaushi, punguza maji na uachanishe miche. Na kama zambarau iko chini ya majani badala ya kwenye vifundo, huenda mmea unakosa fosforasi, jambo la kawaida udongo ukiwa wa baridi.

Mambo mengine niliyobadilisha ni machache. Napanda kwenye matuta ya kimo cha shubiri, namwagilia asubuhi na kwenye mizizi tu, na mbolea ya kuku naiweka mbali na shina, maana ikiwa mbichi inaliunguza nalo linageuka kahawia ukadhani ni ugonjwa. Gata nilitengeneza, shilingi mia sita na fundi juu.

Shosho alipita wiki iliyopita akanikuta nimechuchumaa kwenye tuta, ukucha shinani. "Bado unazikuna?" akauliza. Nikamwambia nazikuna, na nikamkatia mbili za kupeleka nyumbani.