Wachuuzi wa mitambo ya 5G?

SWALI: Natafsiri habari za teknolojia. Sentensi yangu ya kwanza inasema: "Wachuuzi wa vifaa wamepiga hatua katika mitandao ya kizazi ijayo, wamefunga vituo 40 vinavyotumia masafa makubwa na kutoa kasi ya megabaiti 800 kwa sekunde." Mwenzangu ameicheka akasema "wachuuzi" si neno lake. Je, ana haki? Na ni "kizazi ijayo" au "kizazi kijacho"?

JIBU: Ana haki, ila alipaswa kuendelea kucheka hadi mwisho wa sentensi.

Mchuuzi hununua kwa mwenzake akauza rejareja, na aghalabu bidhaa zake zote anaweza kuzibeba mwenyewe. Ericsson, Nokia, Huawei, ZTE na Samsung hubuni mitambo, huiunda, na baada ya kuiuza huendelea kuihudumia kwa miaka. Hao ni watengenezaji wa mitambo ya mawasiliano. Habari ikihusu zabuni, kabla mkataba haujatiwa saini waite wazabuni. Anayepanda mnarani kuifunga mitambo huweza kuwa mkandarasi mwingine kabisa, na mwenye mtandao, yule anayekuuzia laini, ni kampuni ya simu. Usiwachanganye hawa, maana msomaji atadhani Nokia ndiyo inayomkata salio.

Kizazi ni cha ngeli ya KI-VI: kizazi kijacho, vizazi vijavyo. Umeponzwa na "mitandao" iliyotangulia. "Mitandao ijayo" ni sawa, lakini mara tu "kizazi" kinapoingia kati, sifa inakifuata chenyewe: mitandao ya kizazi kijacho. Vivyo hivyo "kizazi cha tano", si "kizazi ya tano". Na "kizazi cha 5G" ni kurudia, kwa kuwa hiyo G ndiyo kizazi. Sema "mtandao wa 5G" au "mtandao wa kizazi cha tano".

Lakini hata "kijacho" mimi ningekiepuka. Desemba 2009 kampuni ya simu ya TeliaSonera ilipofungua 4G mjini Stockholm kwa mitambo ya Ericsson na mjini Oslo kwa mitambo ya Huawei, kizazi kijacho kilikuwa cha nne. Aprili 2019 huduma za 5G zilipoanza Korea Kusini na Marekani, kilikuwa cha tano. Leo kijacho ni cha sita. Taja namba, tafsiri yako isichakae.

Ukitaka kueleza hatua yenyewe iliyopigwa, Kiswahili kina vitenzi vinavyofaa kuliko "maendeleo" ya jumla. Viwango vya kwanza vya 5G vilivyokamilishwa Desemba 2017 na 3GPP, ushirika wa kimataifa unaoweka viwango vya mitandao ya simu, vilihitaji 4G iwepo: simu inashikwa kwanza na 4G, na kiini cha mtandao, yaani mitambo ya kati inayouongoza, ni kilekile cha 4G. Juni 2018 vikafuata vya mtandao wenye kiini chake wenyewe. Wa kwanza uite 5G inayoegemea 4G, wa pili 5G inayojitegemea. Hakuna haja ya kukopa neno, na msomaji anaiona tofauti bila maelezo.

"Wamefunga vituo 40" ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Kufunga mtambo ni kuuweka mahali pake na kuukaza. Kufunga kituo ni kukifanya kisihudumie watu. Kitenzi ni kimoja, nomino ndiyo inayoamua, na kwa "kituo" kila msomaji ataelewa kimefungwa kama ofisi jioni. Umeandika habari ya mafanikio, yeye kasoma habari ya kufilisika. Andika "wamefunga mitambo katika vituo 40". "Kusimika" kiachie kinachosimama, kama mnara au nguzo. Angalia pia kama kweli minara imejengwa: mara nyingi mnara ni uleule wa zamani, kilichoongezwa juu ni antena zenye redio ndani yake, na chini kabatini ni kifaa cha kuchakata mawimbi, vikiunganishwa kwa faiba. Kazi ya mnara wenyewe huwa ni kuuimarisha, kwa kuwa antena hizo ni nzito na husukumwa na upepo.

Sasa "masafa". Neno hili lilitoka Kiarabuni likiwa na maana ya umbali, na maana hiyo ingali hai: mbio za masafa marefu, kombora la masafa mafupi. Redio ndiyo iliyolipa maana ya pili, idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde. Watangazaji nao wakaongeza mkanganyiko kwa kusema "masafa mafupi", ambapo kilicho kifupi ni wimbi, ilhali matangazo hayo hufika maelfu ya kilomita. Kwa hiyo "masafa makubwa" yako mmoja ataelewa kuwa kituo kinafika mbali, na ukweli ni kinyume. Wimbi la megahezi 700, yaani mitikisiko milioni 700 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 43 hivi, hufika mbali na kupenya kuta. La gigahezi 3.5 (gigahezi moja ni megahezi 1,000) lina sentimita 8.6. La gigahezi 26 ni milimita 11 na ushei, na ukuta au hata majani ya mti huweza kulizuia. Kwa mitikisiko sema masafa ya juu au ya chini. Kwa urefu wa njia sema umbali. Ukiandika "masafa ya juu, umbali mfupi", hakuna wa kupotea. Namba ya gigahezi ukiwa nayo, itaje.

Mwisho, megabaiti. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, ukubwa wa faili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Megabaiti 800 kwa sekunde ni gigabiti 6.4, kasi ambayo simu moja haiipati kwenye mkanda wenye upana wa megahezi 100 katika masafa ya gigahezi 3.5. Yaelekea chanzo chako kilisema megabiti. Rudi ukatazame kama b ya kifupi chake ni ndogo (Mb, megabiti) au kubwa (MB, megabaiti).

Ikiwa hivyo ndivyo, na masafa yaliyotajwa ni hayo ya 3.5, sentensi yako itasomeka: "Watengenezaji wa mitambo ya mawasiliano wamepiga hatua katika mitandao ya 5G, wamefunga mitambo katika vituo 40 vinavyotumia masafa ya gigahezi 3.5, na kutoa intaneti yenye kasi ya megabiti 800 kwa sekunde."