Sanamu na minara ya kuona Mombasa

Ndugu, ukiwa na siku moja Mombasa usiishie kwenye Pembe za Ndovu pale Moi Avenue. Piga picha, ni za alumini na zikipishana zinachora herufi M, halafu panda tuktuk mpaka Jomo Kenyatta Avenue uone sanamu za askari Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hapo tulia. Watu wengi hupita bila kuinua macho, na wale ni babu zetu! Tazama sura zao, kisha mavazi. Jioni nenda Mnara wa Mbaraki, wa mawe ya matumbawe. Watu bado huenda kuomba dua na kuacha chupa za marashi. Fort Jesus unaijua tayari.