Usiongeze mizinga, bana mlango wa kurushia videge

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye sheria zako za mchezo wa mezani wa vita vya meli za angani, mwenye videge (ndege ndogo za kivita) vingi hashindwi, na kama uiongezee kila manowari mizinga ya kujihami. Usiongeze. Nimeshapita njia hiyo.

Sheria zetu tulizichota kwenye Full Thrust, mchezo wa mezani wa vita vya meli za anga za juu: kikosi ni videge 6, kila kidege kinarusha dadu moja. Ikitoka 1 hadi 3 umekosa, 4 au 5 ni pigo moja, 6 ni mapigo mawili. Mizinga ya kujihami nayo hurusha dadu hivyohivyo kuangusha videge, na ndiyo inayoanza. (Ukipata 6 na kurusha tena, hiyo tuliitupa, ilichelewesha mchezo.)

Sasa piga hesabu. Mirusho 6 kwa wastani inatoa mapigo 4, kwa hiyo manowari ya mizinga 3 inaangusha videge 2. Kikija kikosi kimoja, vinapenya 4, madhara kama 2.7. Vikija vikosi vinne kwa mpigo, vinapenya 22, madhara yanakaribia 15. Videge vimeongezeka mara nne, kipigo mara tano na nusu! Mizinga hushiba, basi. Vinavyozidi shibe vinapita bure.

Mimi kwa ubishi wangu nikapandisha mizinga hadi 9. Kikosi kimoja kikawa kinaisha chote kabla hakijafyatua, lakini vinne bado vinapenyeza videge 18. Wenye videge vichache wakaacha kuvileta, wenye vingi wakaongeza. Jamaa mmoja akaja na meli mama (zinazobeba na kurusha videge) tupu, makasha yasiyo na bunduki hata moja, nikapoteza manowari kubwa mbili kabla sijamfikia.

Dawa tuliipata mlangoni. Meli mama inarusha kikosi kimoja tu kwa raundi, na kila kikosi kina mafuta ya raundi 6, yanaungua hata kikizurura tu. Ukitaka kukusanya vinne, cha nne kikitoka cha kwanza kimeshachoma nusu. Ukikosa subira ukavituma kimoja kimoja kwenye mizinga 3, vinapenya 16 badala ya 22. Kwenye mizinga 9 utalia. Mwenye meli mama nne ataruka kizuizi hicho, ni kweli, ila hapo amelipia meli nne, na zote zinapigika.

Videge visogee baada ya meli zote, la sivyo utakuwa unakimbiza kivuli. Vya kulinda vipambane na vya adui kabla mizinga haijafyatua.

Kuhusu marubani mahiri wenye alama zao, tulijaribu mara moja tukaacha. Karatasi zilikuwa nyingi kuliko videge.